Figo Iliyotolewa na Mwili Uliokonda

Mtu akipewa figo na ndugu yake, je, wajibu wa upendo umekwisha siku ile ya kupasuliwa? Wengi hujibu kwamba umekwisha: mtoaji ametoa, mganga ameshona, mgonjwa sharti alale apumzike. Jibu hilo lina huruma, lakini lina kosa ndani yake.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston katika Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakaitia mwilini mwa Richard, pacha wake. Richard akaishi miaka 8 zaidi. Nchini Tanzania kazi hiyo ilifanyika mara ya kwanza Novemba 2017, katika Hospitali ya Muhimbili. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, mwezi Agosti 2000, aliwafundisha waganga huko Roma kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo, wala kiungo kisiuzwe kamwe.

Lakini figo haikai peke yake. Yakaa katika mwili uliokwisha kukondeshwa na ugonjwa wa siku nyingi. Uchafu usiochujwa katika damu humwondolea mgonjwa hamu ya kula, na misuli yake hupungua. Kisha kitanda huipunguza tena. Na katika zile dawa za kuuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni, prednisoloni nayo huila misuli. Waganga wameona kwamba aingiaye chumba cha upasuaji akiwa mnyonge hukaa hospitali siku nyingi zaidi, na hatari ya kufa kwake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo wengine hupima nguvu za mkono wake na mwendo wake.

Hapo lazuka swali gumu. Figo ni chache. Je, ni haki apewe mwenye nguvu, mnyonge aachwe? Neno la wasemao kwamba zawadi isipotezwe si la kudharauliwa, maana figo ikiharibika, aliyejitoa amejitoa bure. Hata hivyo unyonge wa misuli si kama kimo cha mtu. Mara nyingi chakula na mwendo huupunguza. Kumpima mtu ili atiwe nguvu ni haki. Kumpima ili afukuzwe, kabla ya kujaribu kumtia nguvu, si haki.

Huko Lubunga, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, mchukuzi wa mizigo akilazwa mwezi mmoja, miguu yake huwa kama fimbo, wala hakuna anayestaajabu. Akirudi nyumbani jamaa humkataza hata kuchota maji, humpa ugali wa muhogo mtupu, nao wadhani wamempenda. Muhogo hushibisha, haujengi misuli. Samaki, maharage na karanga hujenga, kwa kipimo cha mganga, kwa kuwa mgonjwa wa figo huenda akazuiwa vyakula fulani. Na mganga akiruhusu, mkewe amshike mkono waende mpaka kwa jirani na kurudi. Kesho wapite nyumba mbili. Mgonjwa atanung'unika, labda atawaita wakatili. Nao wasimwache kitandani kwa sababu hiyo.