Kumwona Mwana Si Kumlinda

Sharika zetu nyingine za Tanzania zina urafiki na sharika za Ujerumani, na mara kwa mara vijana husafiri pamoja kwenda kuonana na wenzao. Mzazi hubaki nyumbani, lakini habaki kama wazazi wa zamani. Misioni ya Leipzig ilipoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, wazazi wa wamisionari walingoja barua kwa majuma mengi, wala hawakujua mwana wao amelala wapi. Sisi twaletewa picha kwa simu kabla chakula chake hakijapoa. Basi twauliza: Je, mzazi amwonaye mwana wake kila saa amemlinda kuliko yule aliyengoja barua?

Kuona ni jambo moja, kulinda ni jingine. Mzazi wa Moshi apata picha ya binti yake akicheza uwanjani huko Leipzig, saa nne ya usiku kwetu. Ashtuka kwamba mtoto yu nje saa hiyo, aandika maneno makali. Hajui ya kuwa kule ni saa tatu, na mwezi wa Juni jua la huko halijatua bado. Mwingine apeleka neno, lisijibiwe. Kumbe kiongozi amewaagiza vijana waweke simu mpaka wamalize kula. Hofu yake yampata mzazi wa pili, kisha wa tatu, hata nyumba kumi hazilali.

Tena liko dhara kubwa zaidi. Kijana aulizwaye kila saa hujifunza kupeleka picha za kupendeza na kuficha mengine. Ndipo mzazi huwa na picha nyingi, na kweli kidogo.

Labda mtu atasema, “Basi tusiulize neno, wamekwenda na Mchungaji.” Hilo nalo halifai. Yusufu na Mariamu walikuwa wazazi wema, lakini walidhani tu kwamba mwana wao yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima bila yeye. Yatupasa kuuliza, ila tuulize kabla ya safari: Kiongozi ni nani? Watalala kwa nani? Mtoto akiugua, nani atamlipa mganga? Wengi wetu hatuulizi haya, kisha ndege ikiisha kuondoka twauliza habari za soksi.

Martin Luther alilijua jambo hili. Mwaka 1542 alimpeleka mwanawe Hans, kijana wa miaka 16, kusoma Torgau. Mwezi wa Septemba binti yake Magdalena alipougua sana, Luther alimwita Hans nyumbani mara moja, kwa kuwa ndugu hao walipendana. Magdalena akafa. Hans aliporudi masomoni aliona ukiwa, akatamani kwao. Baba yake, naye akiwa katika msiba, alimwandikia mwezi wa Desemba avumilie. Akamweleza ya kuwa mama yake alipompa ruhusa ya kurudi mambo yakiwa mabaya, alinena habari ya ugonjwa mzito. Ukimpata, na awajulishe upesi.

Hapo twaona baba asiyemfungia mwana mlango, wala asiyemfuata nyuma. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tupatane na kijana siku na saa ya kupeana habari, naye aseme kweli. Tena yeye na kiongozi wake wajue kwamba shida ya hakika ikitokea, watatuamsha saa yo yote ya usiku. Zaidi ya hayo tunyamaze, ingawa kunyamaza ni kazi ngumu kwa ampendaye mtoto wake.

Naye akirudi, tumkalishe, tumwache asimulie mwenyewe tokea mwanzo hata mwisho.