Wema Usio na Shahidi

Mambo makubwa yana mashahidi wengi, na kwa hiyo hayafai sana kupimia watu. Askari vitani hutazamwa na wenziwe. Hakimu hutazamwa na baraza. Tajiri atoaye sadaka sokoni husikiwa na soko zima. Atakaye kuujua wema wa mwanadamu ulivyo wenyewe, bila ya kusaidiwa na hofu wala sifa, yampasa autafute katika jambo dogo lisilo na malipo wala adhabu. Jambo moja la namna hiyo huonekana kila siku katika viwanja vya kuegesha magari mbele ya maduka makubwa ya Marekani, nalo ni kurudisha toroli.

Toroli la dukani halikuzaliwa na falsafa. Sylvan Goldman, mwenye maduka ya vyakula katika mji wa Oklahoma City, alilibuni mwaka 1937 baada ya kutambua kuwa mnunuzi huacha kununua mara kikapu kinapomlemea mkononi. Alichukua umbo la kiti cha kukunja, akatia magurudumu miguuni na vikapu viwili juu yake. Wanunuzi walilikataa kwanza, hata ikambidi aajiri watu wa kulisukuma dukani wakijifanya wanunuzi, ili wengine waige. Mwaka 1946 Orla Watson wa Kansas City alibuni toroli liingialo ndani ya jingine, na safu ndefu ya matoroli ikaweza kukaa mahali padogo. Magari yalipozidi kuwa mengi, toroli lilitoka mlangoni likafika uwanjani, na swali likatoka pamoja nalo.

Swali lenyewe ni hili. Mnunuzi amekwisha kupakia vitu vyake garini. Chombo hakimfai tena. Mahali pa kukirudisha ni hatua chache tu. Aghalabu hapana askari wa kumshurutisha, wala hapana atakayemshukuru. Afanyeje?

Mwaka 2020 ilienea hoja isemayo kuwa toroli ni kipimo cha mtu kujitawala: alirudishaye ni mwema, na aliachaye ni sawa na mnyama atiiye fimbo tu. Mizizi ya hoja hii ni ya kale. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alisimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumwua mfalme na kutwaa ufalme. Kisha likaulizwa swali kama yuko mtu awezaye kuvaa pete hiyo akabaki mwadilifu. Uwanja wa magari humvika kila mnunuzi pete hiyo kwa dakika mbili.

Lakini hukumu hiyo ina haraka. Mama mwenye watoto wachanga wawili ndani ya gari hawezi kuwapa kisogo juani kwa ajili ya chombo cha duka. Mzee mwenye maumivu ya magoti huhesabu kila hatua. Hao hawakukosa wema. Wajibu mkubwa umewazuia kutimiza mdogo, au mwili umekataa lile ambalo moyo umekubali. Mizani isiyomtenga asiyeweza na asiyetaka ni mizani mbovu. Tena, yamkini mtu kurudisha toroli kila siku na kumpunja mtumishi wake mshahara kila mwezi. Tendo moja ni dalili. Halitoshi kuwa hukumu.

Walakini uko udhuru usiostahili huruma hiyo, nao ni ule usemao kuwa yuko mtumishi anayelipwa kuyakusanya. Mtumishi hulipwa kuyatoa matoroli katika vizimba vyake na kuyarejesha mlangoni. Si kuyafukuza uwanjani kama mbuzi waliotawanyika. Anayemzidishia mwenziwe kazi kisha akaiita riziki amejitangaza mfadhili kwa jasho la mtu mwingine.

Nchi nyingine zimelijibu swali kwa sarafu. Katika maduka mengi ya Ujerumani matoroli hufungwa kwa minyororo; mtu hutia sarafu, mara nyingi ya euro moja, na huipata tena arudishapo chombo. Maduka ya Aldi huko Marekani hutumia sarafu ya senti 25. Matoroli hurudi, lakini wema umeongezeka? Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alitoa mfano wa mwuza duka asiyempunja mtoto kwa sababu uaminifu humletea faida: kitendo chake hulingana na wajibu, lakini hakikutoka katika wajibu. Sarafu humgeuza kila mnunuzi kuwa mwuza duka huyo. Hata hivyo haifai kudharauliwa, maana gongo si mguu, bali humfikisha kilema aendako. Na pengine mtu humwachia mgeni toroli pamoja na sarafu iliyomo bila ya kudai kitu. Hapo kufuli lililowekwa kwa kutoaminiana huwa njia ya kupeana.

Hayo yote yamemtazama mwenye kutenda. Yabakia kumtazama anayetendewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliwapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pa watu wote, na kwa kanuni zake kando ya nafasi zao za magari huachwa ujia wenye mistari, upana wake usipungue inchi 60, ili kiti cha magurudumu kipate kushuka. Kwa kuwa ujia huo huonekana mtupu, matoroli huachwa humo. Mwenye kiti ajapo, hukuta mlango wake umezibwa. Hungoja garini mpaka apite mtu wa kumwondolea. Aliyeuziba amekwisha kwenda zake, wala hajui kuwa amemfunga mtu.

Kosa hilo huzaa mengine. Mwaka 2008 Kees Keizer na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walitoa habari za majaribio yao katika egesho la duka, ambamo karatasi za matangazo zilibandikwa kwenye magari. Palipokuwa pasafi, watu 30 katika kila mia walizitupa chini. Palipoachwa matoroli manne ovyo, walizitupa watu 58. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi ile hoja ya pete ilikosea mahali pamoja. Ilidhani kuwa mtu yu peke yake uwanjani, akipimwa kwa kutoonekana kwake. Kumbe shahidi yuko, ila amechelewa kufika: ni mwenye kiti cha magurudumu, ni mtumishi wa jioni, ni mgeni atafutaye nafasi ya gari. Neno linaloulizwa si kama mtu atakuwa mwema asipoonekana, bali kama aweza kumwona mwenziwe ambaye hajafika bado. Uungwana ni vitendo, na vingi katika vitendo hivyo hutendewa watu ambao mtendaji hatawajua kamwe.