Kinu cha Farasi Kumi

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya funzo, lakini hesabu zake ni za kweli.

Kijana mmoja wa Shituru, mjini Likasi nchini Kongo, alichoka kuona kinu chake cha mahindi kikisimama kila umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika. Kibao cha mota kiliandikwa nguvu farasi 10. Akakopa kwa shemeji yake, akanunua jenereta iliyoandikwa kVA 10. Kumi kwa kumi, akasema, zimelingana.

Jioni ile kinamama walipanga mabeseni yao. Mota ilivuma bila kushika mwendo, taa zikafifia, fyuzi ikakatika. Hapo ndipo alipopaswa kusimama. Badala yake alifunga waya mnene mahali pa fyuzi, akawasha tena. Muda si mrefu koili za mota ziliungua, moshi ukajaa kinuni.

Jirani yake, mzee aliyestaafu kutoka ukumbi wa elektrolisi wa kiwanda cha shaba, alikuja na penseli.

“Papa, muuzaji amenidanganya?”

“Hapana, mwanangu. Vibao vyote viwili vimesema kweli, ila kila kimoja kimesema jambo lake.”

Farasi mmoja wa vipimo vya Kifaransa ni wati 735 na nusu, na wati ni kazi ya juli moja kwa kila sekunde. Farasi 10 basi ni wati 7,355, lakini hizo ni zinazotoka kwenye shafti kwenda kusaga. Mota yenye ufanisi wa asilimia 85 hudai wati 8,650 hivi kutoka kwenye waya. Jenereta nayo ilihesabiwa kwa kVA, yaani volti mara ampea, na sehemu ya ampea hizo huenda na kurudi kujenga usumaku wa mota bila kusaga hata punje. Kwa kipengele cha nguvu (power factor) cha 0.8, kVA 10 hutoa kilowati 8 tu. Jenereta ilikuwa imepungukiwa hata kwa mwendo wa kawaida.

Balaa kubwa lilikuwa kwenye kuwasha. Mota ya namna hii ikiunganishwa moja kwa moja huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida mpaka ishike mwendo. Jenereta ndogo ikizidiwa, volti huanguka, mota haiamki, na ampea zile kubwa hubaki zikichoma koili. Fyuzi ilikuwa ikimwokoa. Kwangu mimi, waya ule mnene ni kosa zito kuliko hesabu mbaya, maana hesabu hugharimu pesa, waya ungeweza kuua mtu.

“Basi nitanunua ya kVA 30,” kijana akasema. Mzee akamwuliza ataiendesha kwa saa ngapi.

Swali hilo alilitoa kiwandani. Tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, mitambo ya Shituru, iliyoanza mwaka 1929, hutoa shaba kwenye myeyusho kwa umeme, na umeme wa bwawa la Mwadingusha, mtoni Lufira, ulianza kuja mwaka 1930. Kila seli hupewa volti 2 hivi, ila ampea ni maelfu, na kilo moja ya shaba hula karibu kilowati-saa 2. Kilowati 8 kwa saa moja ni kilowati-saa 8, yaani kilo 4 za shaba. Kwa siku nzima ya saa 24 ni kilowati-saa 192, kilo 96. Kilowati hazikubadilika, saa ndizo zilizoongezeka. Kilowati ni kasi ya kula, kilowati-saa ni kilicholiwa, nacho ndicho kinacholipiwa.

Kinu kinachovuta kilowati 8.65 kwa saa tano hula kilowati-saa 43. Jenereta ndogo ya dizeli huhitaji theluthi ya lita au zaidi kwa kila kilowati-saa, basi si chini ya lita 14 kwa jioni moja. Kijana akagawanya bei ya mafuta hayo kwa mabeseni anayosaga, akaona ada ya beseni ingepanda sana. Akaenda kwanza kuzungumza na kinamama, kabla ya kurudi dukani.