Deni la Anayejifunza Kusoma Mawazo

Miongoni mwa michezo ya zamani ya kusoma mawazo, inayofundishwa leo kwa video ambazo kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzitazama, upo ule wa karatasi iliyochanwa. Mtazamaji huombwa aandike jina la mtu anayempenda katikati ya kipande kidogo cha karatasi, kisha akikunje mara mbili. Mwanamazingaombwe hukipokea, hukichanachana mbele ya macho ya wote, hutupa vipande kwenye kisahani na kuvitia moto. Kisha humkazia macho mtazamaji, hutaja herufi ya kwanza, husita kidogo kana kwamba picha inamponyoka, na mwishowe hulitamka jina zima. Kumbe pale alipochana, kipande cha katikati chenye jina kilibaki kimebanwa chini ya kidole gumba, na alipoinamia kisahani kuwasha kiberiti alipata nafasi ya kukifunua na kukisoma. Mwalimu wa video huurudia mwendo wa kidole taratibu, huuonyesha mkono kwa upande wa mtazamaji na kwa upande wa mchezaji, na hueleza kiganja kielekee wapi ili kisitiliwe shaka. Ni mafunzo mazuri ya mikono. Lakini kuna swali ambalo ni zito kuliko kiganja: yule mtazamaji anarudi nyumbani akiamini nini?

Naliuliza swali hili kwa sababu mchezo wa mawazo hauko sawa na mchezo wa sarafu. Sarafu ikitoweka mkononi, watazamaji hucheka na kuitafuta kwenye mikono ya shati. Wanajua ipo mahali, na kilichowashinda ni wepesi wa vidole. Jina la siri likitamkwa, hawatafuti kwenye mikono ya shati. Wanaingiwa na fikira kwamba mbele yao yupo mtu anayeona yaliyomo vifuani mwa watu, na fikira hiyo inagusa imani moja kwa moja. Kwa Waislamu ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, na Wakristo husoma katika Biblia kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye mioyo ya wanadamu wote. Juu ya hayo, Afrika Mashariki wako watu wengi wanaoishi kwa kudai elimu hiyohiyo: wapiga ramli, watazamia nyota, na baadhi ya wanaojiita manabii. Mchezo wa mawazo hapa unadondoka kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Kwa hiyo nasema kwamba anayejifunza michezo hii anajifunza pamoja na deni, nalo ni kutomwacha mtu aondoke akiamini kwamba moyo wake umesomwa. Na kunyamaza hakulipi deni hilo, maana kunyamaza mbele ya mtu aliyekwisha kuamini ni kumthibitishia.

Huenda mtu akaona naidharau akili ya watazamaji. Basi na tutazame ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, na baada ya siku kadhaa akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyosemekana kuwa yake peke yake. Walipoombwa kuyapima kwa alama kuanzia sifuri hadi tano, wastani ulipita nne. Yote yalikuwa maelezo yaleyale, na sehemu kubwa Forer aliyatoa katika kitabu cha nyota: kwamba unapenda watu wakukubali lakini unajikosoa mwenyewe, kwamba nje unaonekana umetulia na ndani una wasiwasi. Hakuna binadamu asiyejiona humo. Jambo la pili linanisumbua zaidi. Mwaka 1980 watafiti Benassi, Singer na Reynolds walichapisha habari za majaribio yaliyofanywa madarasani katika chuo kikuu cha Long Beach, California. Mwanamazingaombwe alisoma tarakimu akiwa amefungwa macho na akapinda chuma. Madarasa mengine yaliambiwa ana nguvu za ajabu. Mengine yaliambiwa waziwazi kwamba hana nguvu zozote, anafanya mazingaombwe tu. Katika hayo ya pili pia, zaidi ya nusu ya wanafunzi waliandika kwamba ana nguvu zisizo za kawaida. Waliambiwa, wakasikia, na macho yao yakashinda masikio yao. Ikiwa onyo la wazi halikutosha kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kimya kitamtosha nani?

Hata wataalamu hawakupona. Kuanzia mwaka 1979, James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia maisha yake kuwafichua walaghai, aliwapenyeza vijana wawili waliojua kiinimacho katika maabara ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, iliyokuwa imepewa dola 500,000 kuchunguza nguvu za akili. Walikubaliana kwamba wakiulizwa kama wanafanya hila, wakiri papo hapo. Mwaka 1983 Randi aliitangaza siri yao mwenyewe, baada ya vijana hao kuchukuliwa kwa muda mrefu kuwa wana vipaji vya kweli. Sharti lile la kukiri ukiulizwa linaonekana la uaminifu, na nadhani Randi alilikusudia hivyo, lakini linamwachia aliyedanganywa kazi ya kujiokoa. Na aliyekwisha kusadiki haulizi.

Madhara ya kusadiki huku huwapata watu halisi. Mwaka 1986 Randi huyohuyo na wenzake walinasa mawimbi ya redio katika mikutano ya mhubiri Peter Popoff, aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina na kutaja anwani na maradhi yao kana kwamba amefunuliwa. Sauti iliyosikika kwenye masafa ya megahezi 39.17 ilikuwa ya mkewe, akimsomea kupitia kifaa kidogo cha sikioni habari ambazo watu walikuwa wamezitoa wenyewe kabla ya ibada. Mtaalamu wa mazingaombwe angeitambua mbinu hiyo mara moja, kwa kuwa kukusanya habari za watazamaji kabla ya onyesho ni somo mojawapo la fani yake. Kwetu bei imekuwa damu. Wazee, hasa wanawake wa Shinyanga na Mwanza, wameuawa baada ya ramli kuwataja kuwa wachawi, wengine wakiponzwa na macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Watanzania wanalo jina la uovu huu, ramli chonganishi, na kila ramli ya namna hiyo husimama juu ya sadaka ya kwanza ambayo mteja huitoa bila kujua: kuamini kwamba huyu aliyenitajia mambo yangu hawezi kukosea juu ya jirani yangu.

Wapo watakaojibu kwamba mwanamazingaombwe ni mwigizaji, na mwigizaji anayecheza mfalme halazimiki kutangaza kwamba hana ufalme. Ni kweli, lakini mchezo wa kuigiza unalindwa na makubaliano ambayo kila aliyekaa ukumbini anayajua: hakuna anayempelekea mfalme wa jukwaani kesi ya shamba. Msoma mawazo hufuatwa. Onyesho likiisha, mtu humvuta pembeni na kumuuliza nani kaiba ng'ombe, au kwa nini hapati mtoto. Siku mtu mmoja anapomfuata kwa swali kama hilo, makubaliano ya uigizaji yamekwisha vunjika, hata kama wengine mia walikuwa wakifurahi tu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa waumini: kama jambo liko karibu hivi na ukuhani wa kutabiri, si bora kuliacha kabisa? Torati inakataza kupiga ramli, na ipo hadithi ya Mtume inayojulikana sana kwamba anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arobaini. Nayaheshimu makatazo hayo na naona yanalenga palepale ninapolenga, yaani kwenye dai la kujua ghaibu na kwenye kuliendea dai hilo kwa imani. Lakini ni nani waliomtambua Musa kwanza mbele ya Firauni? Katika Kurani ni wachawi wenyewe, waliokuwa wameyazuga macho ya watu, ndio walioanguka kusujudu pale fimbo ya Musa ilipomeza walivyovitengeneza. Katika Kutoka pia, wachawi ndio waliomwambia mfalme, lilipokuja pigo la chawa, kwamba hapa pana kidole cha Mungu. Umma wote ulitazama. Waliojua hila ndio walioweza kusema hii si hila. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alitumia njia hiyohiyo: alieleza michezo ya viganja na visu vya uongo ndani ya kitabu alichokiandika kuwatetea watu waliokuwa wakishtakiwa uchawi. Kujua namna jina linavyosomwa chini ya kidole gumba ni kinga, na muumini mwenye kinga hiyo hatatikisika kirahisi nabii anapomtajia namba yake ya simu.

Wanaolinda fani watalalamika kwamba nikipewa ninachotaka, mshangao utakufa. Jumuiya ya Magic Circle ya London, iliyoanzishwa mwaka 1905, inaweza kumfukuza mwanachama anayetoa siri ovyo, nami sioni ubaya. Kusema kwamba ni hila si sawa na kusema hila ni ipi. Derren Brown wa Uingereza huwaambia watazamaji wake kwamba anatumia saikolojia, ushawishi na kiinimacho, na kumbi zinajaa. Ila baada ya yale majaribio ya 1980 siwezi kuridhika na sentensi moja ya utangulizi. Deni linagusa pia kinachosomwa. Mtu afikirie tunda, mji, namba, wimbo wa utotoni, na mchezo utakuwa mtamu kabisa. Maiti wa mtu, ugonjwa wake, mwizi wake na adui yake visiguswe, hata kwa utani, hata akiomba mwenyewe. Na mama akibaki nyuma ukumbini, akaomba aambiwe aliko mwanawe aliyepotea, hapo siri ya fani ikae kando. Aambiwe hapana kwa maneno mepesi, aelekezwe polisi, na akiendelea kusihi, mchezaji atoe simu yake na amfungulie ile video aliyojifunzia.