Filamu Nzito, Mtoto Mdogo

Wanangu, ninyi mlioanza kulea, na ninyi kaka na dada mnaoachiwa wadogo zenu na rimoti juu, leo nina neno nanyi kuhusu filamu. Sizungumzii zile ambazo kila mtu anajua si za watoto. Nazungumzia zinazomhusu mtoto mwenyewe, binti au kijana anayeingia utu uzima kwa mlango wa msiba, vita au ukatili. Hizi hutuchanganya, kwa sababu mhusika ni wa umri wa mwanao na tangazo limepambwa kama hadithi ya watoto.

Chukueni Pan's Labyrinth ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na Guillermo del Toro wa Mexico. Kwenye tangazo utaona msichana mdogo na mti wa ajabu, ukadhani ni mambo ya vichimbakazi tu. Kisa chenyewe ni cha Hispania mwaka 1944, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika. Ofelia anafuatana na mama yake mjamzito kwenda kuishi na baba wa kambo, Kapteni Vidal, anayewasaka waasi msituni. Kijana aliyekamatwa akiwinda sungura anapondwa uso kwa chupa mbele ya baba yake. Mateka anateswa. Mama anafia kwenye uzazi, na mwishoni Ofelia mwenyewe anapigwa risasi. Msinilaumu kwa kuwatolea mwisho wa kisa, kwani mzazi anapaswa kuujua kabla ya mtoto.

Marekani waliipa alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Uingereza waliipa 15, na hapo aliye chini ya umri huo haingii ukumbini hata akishikwa mkono na baba yake. Mmoja amemwachia mzazi uamuzi, mwingine amemwamulia. Kwetu nako alama zipo. Bodi ya Kenya hutumia GE, PG, 16 na 18, na Tanzania ina Bodi yake ya Filamu. Lakini filamu inayoingia sebuleni kwa flashi au kwa simu haiji na alama yake, wala ile ya kibanda umiza, ambako mtafsiri hutia masihara penye mauaji. Ikifika hivyo, bodi ni wewe.

Na hata alama ikiwepo, haimalizi kazi. Aghalabu huhesabu damu, matusi na uchi, ila uzito wa huzuni haupimiki hivyo. Bridge to Terabithia ya mwaka 2007 ilipewa PG. Haina damu ya kutisha, lakini ndani yake mtoto anazama kijitoni, na rafiki yake anabaki akijilaumu kwamba siku ile hakuwa naye. Kitabu kilichozaa filamu hiyo, Katherine Paterson alikiandika baada ya rafiki wa mwanawe kuuawa na radi. Kwa mtoto aliyetoka kumzika mwenzake, PG hiyo yaweza kuwa mzigo mkubwa. Yaweza pia kumfungua kinywa akalia alichokuwa amekificha. Utajua lipi kwa kumjua mtoto.

Jihadharini vilevile na neno katuni. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata ni katuni, na mwaka 1988 ilitolewa Japan sambamba na My Neighbor Totoro, iliyo changamfu na ya watoto kweli. Hiyo ya kwanza inawahusu Seita na mdogo wake Setsuko wa miaka minne, baada ya mabomu ya moto kuiteketeza Kobe mwaka 1945. Setsuko anakufa polepole kwa utapiamlo. Anayewasha katuni na kwenda zake jikoni atawakuta watoto hawasemi.

Kwa hiyo itazameni wenyewe kwanza, mpaka mwisho. Msiishie kuuliza filamu inaonyesha nini. Ulizeni iko upande wa nani. Kuna filamu zinazompamba muuaji mpaka kijana atamani kutembea kama yeye. Pan's Labyrinth haifanyi hivyo. Lipo zimwi lenye macho viganjani, lakini anayetisha kuliko zimwi ni yule mwanamume nadhifu mwenye magwanda yaliyonyooshwa. Wa miaka 15 ataielewa maana hiyo. Wa miaka saba ataondoka na chupa na ule uso tu.

Wapo watakaosema watoto wetu wamelelewa kwa hadithi za mazimwi yaliyomeza vijiji vizima, mbona hawakudhurika? Kweli, giza halikuwa geni kwenye ngano zetu. Lakini bibi aliyesimulia aliuona uso wa mtoto. Akimwona anatetemeka, zimwi likapunguziwa meno. Na mtoto alilichora zimwi kichwani mwake kwa ukubwa anaouweza. Skrini humpa lililokwisha kuchorwa, lenye sauti, lisilojua nani ameketi mbele yake. Ndiyo maana nawasihi mkae nao, mkiwa tayari kusimamisha na kusema.

Kisha liko jambo ambalo nadhani litawasumbua kuliko damu. Ofelia hatii. Anakatazwa kula chakula cha zimwi, anakula zabibu mbili, na vichimbakazi wanaomwongoza wanaliwa kwa ajili hiyo. Baadaye anaamriwa atoe damu ya mdogo wake mchanga, anakataa, na kukataa huko ndiko ushindi wake. Mzazi wa kwetu, aliyefunzwa kwamba mkubwa hajibiwi, atashtuka. Msilikimbie jambo hilo. Mtoto asiyejua kwamba kuna amri za mtu mzima zinazopaswa kukataliwa yuko hatarini kwa yeyote atakayemwambia avue nguo na asimwambie mama. Mwonyesheni tofauti ya kuasi kwa uroho na kuasi kwa kumlinda mnyonge. Mazungumzo hayo peke yake yanatosha kuipa filamu hii nafasi nyumbani, wakati wake ukifika.

Wakati huo ni lini? Mimi Pan's Labyrinth ningeiweka kuanzia miaka 15, nanyi mkiwepo. Grave of the Fireflies, 12 au 13. Bridge to Terabithia, tisa au kumi. Lakini umri ni makadirio. Aliyefiwa karibuni, au aliyeikimbia vita pamoja na familia yake, hapimwi kwa miaka. Na usiku ule akiogopa kwenda msalani peke yake, msimcheke, wala msimwambie mwanamume haogopi. Mkimcheka leo, kesho atatazama kwa siri.

Mkikataa, toeni sababu na mtaje mwaka. Mwambieni, "Ukifika kidato cha tatu tutaitazama pamoja." Akifika, timizeni. Mtoto anayeona ahadi yenu ikitimia atawaamini pia mtakapomwambia asubiri jambo kubwa kuliko filamu.