Kabla ya Kupewa Jembe

Kijana Mkatoliki anayekwenda Kolkata kujitolea kwa Wamisionari wa Upendo, shirika la Mama Teresa, huwa amejiandaa kwa karibu kila kitu isipokuwa kukaa bure. Amechanjwa, amechangiwa nauli na jumuiya yake, ameungama, ameombewa na kuagwa. Kichwani ameshawalisha wagonjwa wa nyumba ya shirika hilo huko Kalighat na kufua mashuka yao. Kisha anafika, na hakuna anayemngoja. Wanaojitolea huandikishwa kwa siku maalumu za wiki, na mpaka siku hiyo ifike yeye ni mtu mzima asiyejua kuvuka barabara. Anamsubiri bibi mwenye sari avuke, amfuate nyuma. Kwenye Sudder Street, mtaa wa nyumba za wageni za bei nafuu ambako wengi wa aina yake hulala, muuza chai ndiye anayemchagulia sarafu kiganjani na kumwambia ipi ni ipi.

Siku hizo, ambazo hazina kazi wala sifa, ndizo ninazotaka kuzitetea. Wengi huzihesabu kuwa hasara, muda uliopotea kabla ya huduma yenyewe kuanza. Mimi naona kwamba huduma huamuliwa humo.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumkanya mgeni mvivu, na ni haki. Lakini tunasahau kwamba jembe linatoka kwa mwenyeji. Shamba ni lake, naye ndiye ajuaye wapi pamepandwa na wapi pamepumzishwa. Mgeni anayeingia shambani alfajiri ya kwanza na jembe lake begani, hata nia yake iwe njema namna gani, ataing'oa mbegu akidhani ni gugu. Siku mbili zile ni stahili ya mwenyeji kabla hazijawa starehe ya mgeni: ni muda wa kumtazama huyu aliyekuja na kuamua apewe nini.

Mwaka 1968, huko Cuernavaca nchini Mexico, Padre Ivan Illich alisimama mbele ya vijana wa Kimarekani waliokuwa na mpango wa kwenda kujitolea vijijini, akawasihi wasiende. Waje kutazama, aliwaambia, waje kusoma, wapande milima na kufurahia maua, lakini wasije kusaidia. Hoja yake nzito kuliko zote ilihusu lugha: kama ni lazima mfanye kazi, fanyeni mahali ambapo watu wanaweza kuwakataa nanyi mkaelewa kwamba mmekataliwa. Nadhani Illich alivuka mpaka alipoufunga mlango wa msaada kabisa. Hata hivyo aliona jambo ambalo wahubiri wa kujitolea hulipita haraka, kwamba mtu asiyeweza kuambiwa hapana hana njia ya kujua anapoumiza.

Tuseme basi kwamba kungoja ni busara. Je, ni busara tu? Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, wafuasi sabini na wawili wanatumwa bila mfuko, bila mkoba, bila viatu. Wanatumwa wakiwa wahitaji. Tena tazama mpangilio wa maagizo yao: kwanza wakae katika nyumba iliyowapokea na kula wanachoandaliwa, kuponya wagonjwa kunafuata. Chakula cha mwenyeji kinatangulia muujiza, na siamini kwamba mpangilio huo ni wa bahati. Anayeanza kwa kutoa hujiweka juu, kwa sababu mkono unaotoa huwa juu ya ule unaopokea, na akikaa huko juu muda mrefu atajiona chanzo cha wema wote unaopita mikononi mwake. Anayeanza kwa kupokea anaingia katika deni. Amelishwa, ameelekezwa njia, amevushwa barabara na watu ambao hakuwafanyia lolote. Siku atakapoinama kumlisha mgonjwa wa mji ule atakuwa analipa, na anayelipa deni hamdharau anayemdai.

Mama Teresa mwenyewe ndiye shahidi wangu mkubwa. Alifika Kolkata mwezi Januari 1929, binti wa miaka 18. Kazi tunayomkumbukia, ile ya kuwaendea maskini mitaani kwao, aliianza Desemba 1948. Katikati kuna karibu miaka 20 ambayo masimulizi mengi huiruka kwa sentensi moja. Katika miaka hiyo alikuwa sista wa Loreto, akifundisha jiografia katika shule ya wasichana ya St. Mary's huko Entally. Alijifunza Kibengali. Aliiona njaa kuu ya mwaka 1943. Agosti 1946, mji ulipowaka kwa mapigano ya Wahindu na Waislamu, alitoka shuleni kutafuta chakula cha wanafunzi wake katika barabara zilizojaa maiti. Wito wake wa pili ulimjia mwezi uliofuata, ndani ya treni ya kwenda Darjeeling. Hata baada ya hapo alikwenda kwanza Patna kufundishwa uuguzi, na masista wenye ujuzi wa tiba waliposikia kwamba anataka yeye na wenzake waishi kwa wali na chumvi, walimweleza wazi kwamba wataugua na kazi itakwama. Aliwasikiliza. Na alipoingia mtaa wa Motijhil alianza kwa kuwafundisha watoto herufi, akiziandika ardhini kwa kijiti.

Mwaka 1952 alifungua Nirmal Hriday, nyumba ya wanaokaribia kufa, palepale Kalighat. Jengo hilo lilikuwa la mahujaji wa hekalu la Kali, na aliyempa ni mamlaka ya jiji. Nyumba mashuhuri kuliko zote za huruma ya Kikatoliki katika karne ya 20 ilikuwa, tangu mwanzo, jembe lililotolewa na mwenyeji.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Mtu anayekata roho kando ya barabara hana siku mbili. Msamaria Mwema hakuuliza mila za mahali wala hakukaa kujifunza lugha. Aliona, akasogea, akafunga jeraha. Ni kweli, na yeyote atakayetumia hoja yangu kumpita mtu aliyelala chini ameniibia maneno. Lakini msome Msamaria mpaka mwisho. Alitumia alichokuwa nacho, mafuta na divai, kisha akampeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni na kumkabidhi mwenye nyumba, pamoja na dinari mbili. Hakufungua zahanati yake njiani. Dharura ina haki ya kuvunja utaratibu wa ugeni, ila haina haki ya kuufuta.

Hatari ya kuuruka ugeni naiona hasa katika picha ambayo mgeni hurudi nayo kwao. Anayetoka Sudder Street moja kwa moja hadi kwenye vitanda vya Kalighat ataondoka akiamini kwamba Kolkata ni kitanda kikubwa cha mauti. Wenyeji wanaumia kwa hilo. Aroup Chatterjee, daktari aliyezaliwa mjini humo, alitumia miaka mingi kulalamika kwamba sifa za Mama Teresa ziliufanya mji wake ujulikane kwa ufukara tu, na katika hilo namuunga mkono. Huu ni mji wa Rabindranath Tagore, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1913. Ni mji wa College Street, ambako vibanda vya vitabu vimepanga foleni kando ya barabara. Ni mji wa Mohun Bagan na East Bengal, timu mbili zinazougawa kama Simba na Yanga wanavyoigawa Dar es Salaam. Mzee anayelishwa uji kwa kijiko huenda aliwahi kupoteza sauti akiishangilia mojawapo. Kijana ambaye hajatembea mjini hawezi hata kulifikiria jambo hilo, na asipolifikiria atamwona mzee kuwa ugonjwa wenye jina.

Na matembezi hayo si utalii mwepesi, maana mji unahoji. Kolkata bado ina riksho za kuvutwa kwa mikono, mtu mwembamba, mara nyingi aliyetoka Bihar kutafuta riziki, akikimbia mbele ya abiria aliyekaa. Mgeni mwenye moyo wa huruma hukataa kupanda. Anaona aibu kuvutwa na binadamu mwenzake, na aibu hiyo ni ya heshima. Lakini mvutaji amebaki bila nauli. Mwaka 2006 bunge la jimbo la West Bengal lilipopitisha muswada wa kuziondoa barabarani, waliopinga ni pamoja na wavutaji wenyewe. Basi nani anajua zaidi utu wa mvutaji, anayekataa kupanda au anayelipa na kushukuru? Sina jibu la mkato. Ninachojua ni kwamba dhamiri aliyotoka nayo nyumbani haitoshi hapo, na kijana anahitaji kulibeba swali hilo siku kadhaa kabla ya kugusa jeraha la mtu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kwa kukaa upande wa mwenyeji. Tangu Wamisionari wa Upendo walipofungua nyumba Tabora mwaka 1968, na mapema zaidi kwa wamisionari wengine, tumewapokea wengi. Tumewaandalia chai waliokuja wakaanza kupaka rangi ukuta wa shule kabla hawajajua jina la mwalimu. Tumekaa kimya kwa adabu. Sasa vijana wetu nao wanatumwa ng'ambo, na jumuiya iliyochanga nauli itataka habari. Nashauri isiwaulize mapema wamefanya nini. Barua ya kwanza iulize wamepokelewa na nani, wamekula nini, nani amewaonyesha njia. Na kama kijana hana jina la mtu hata mmoja wa kutaja, aambiwe asiende bado kujiandikisha.