Jumanne: Fedha ya Kaisari na Shaba ya Kilwa

Soma Mathayo 22:15–22 na Mwanzo 1:27. Kwa nini Yesu aliuliza kwanza habari ya sura iliyo kwenye dinari, kabla hajajibu swali la kodi?

Dinari ilikuwa sarafu ya fedha, ujira wa kibarua kwa siku moja (Mathayo 20:2). Ile ya Kaisari Tiberio ilikuwa na kichwa chake, na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliye mungu. Upande wa pili kiliandikwa cheo chake cha kuhani mkuu. Myahudi mcha Mungu alitembea na ibada ya sanamu kibindoni.

Huku kwetu pwani ya kusini, masultani wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, zisizo na sura ya mtu. Upande mmoja maneno ya Kiarabu yasema mtawala anamtumaini Mungu. Upande wa pili lipo jina lake, na pande hizo mbili zimefungwa kwa vina. Ni rahisi kusema kwamba hizi zilikuwa safi. Ukiri wake hata sisi tungeuitikia amina.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, mmoja wa waliotoa sarafu hizo, mtu aliyesifiwa sana kwa ukarimu. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa. Akamvulia, akampa. Mwana wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sarafu za Kilwa hazikuwa na sura. Watu wale ishirini walikuwa nayo, sura ya Muumba wao, nao ndio waliohesabiwa na kukabidhiwa kama malipo. (Wakristo tusijipige kifua: Wareno walipoingia Kilwa mwaka 1505, mapadre wao walishuka na misalaba, na mji ukaporwa.)

Jadilini: Kama wewe ndiwe uliyekuja kuomba nguo ukapewa watu, ungefanya nini mbele ya mtoaji anayesifiwa na wote? Je, zipo sadaka tunazozipokea kwa shangwe bila kuuliza zimetoka katika jasho la nani?